Indiketa ya gari kuukuu yaweza kuzaliwa upya Kilwa

Gari kuukuu la pwani haliuawi na injini. Injini ya Land Rover ya miaka ya sitini fundi wa Lindi ataishusha, atabadilisha ringi, atasaga valvu, na gari litanguruma tena. Vinavyotangulia kufa ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayevitilia maanani: kioo cha indiketa kilichopasuka, soketi iliyoliwa na kutu, waya wa ethi uliokatikia ndani ya ganda lake. Gari linaendelea kutembea, lakini limekuwa bubu. Linakata kona bila kumwambia aliye nyuma kwamba linakata.

Njia panda ya Nangurukuru inaonyesha vizuri uzito wa jambo hili. Dereva anayetoka Lindi akitaka kuingia Kilwa Masoko hukata kulia, na katika nchi tunamoendesha kushoto, kukata kulia ni kukatiza mbele ya mabasi na malori yanayoshuka kutoka Dar es Salaam. Aliye nyuma yake anaona gari la mbele limepunguza mwendo. Asipoona ishara, atadhani limechoka tu, atatoka kulia alipite, na hapo ndipo watakapokutana. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula zaidi ya mita 22 kila sekunde. Uamuzi wote huo unategemea kitaa kisichozidi upana wa kiganja.

Kitaa hicho kinaweza kutengenezwa hapa hapa pwani. Ujuzi wake tayari umo mikononi mwa mafundi wa boti za faiba, wa redio na wa umeme wa magari. Na taa za LED, ambazo wengi wanazihesabu kuwa pambo la vijana wa bodaboda, ndizo zilizofungua mlango huo.

Lami ilibadili kazi ya indiketa

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Kusini ilipitia kivuko cha Ndundu katika Mto Rufiji, na masika yalipokolea njia ilizama kwenye matope. Ndiyo maana Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam Aprili 1948, ilipata makao ya kudumu upande huu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake vikuu pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Miaka ya sitini Nachingwea hiyo hiyo ikawa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Wote hao, pamoja na hospitali za misheni, askari wa wanyamapori na maofisa wa kilimo, walihitaji gari lisiloogopa mchanga wala tope. Toleo la pili la Land Rover lilitoka mwaka 1958, la tatu mwaka 1971, na zile za mgongo mrefu za inchi 109 zikawa magari ya kazi vijijini. Kando yake zilitembea Peugeot 404 na 504, Datsun 120Y na malori ya Bedford.

Katika barabara ya tope indiketa haikuwa na kazi kubwa. Magari yalikuwa machache, mwendo ulikuwa wa taratibu, na dereva aliweza kutoa mkono dirishani. Daraja lenye urefu wa takribani mita 970 lilipoondoa kivuko, na lami ikafuata kipande kwa kipande, mambo yaligeuka. Gari lililoundwa kwenda kwa subira sasa lina basi la mwendo kasi nyuma yake. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, magari yalijipanga kwenye msururu mrefu. Katika hali kama hiyo gari lisilo na taa za tahadhari ni kisiki katikati ya njia. Land Rover ambayo babu alisafiri nayo salama bila indiketa hata moja, mjukuu hawezi kusafiri nayo hivyo leo.

Jua, chumvi na rasta

Tunakiita kioo kwa mazoea, lakini kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya sitini ni plastiki ya akriliki iliyotiwa rangi. Jua la pwani huivunja rangi hiyo kidogo kidogo. Nyekundu inageuka waridi, ya chungwa inageuka manjano hafifu, na plastiki yenyewe inakauka mpaka inapasuka kwa mguso wa skrubu. Rasta za barabara za vumbi humalizia kazi.

Chukua kitaa cha Lucas namba L594, kilichofungwa kwenye Land Rover za zamani na magari mengine kadhaa ya Kiingereza, Morris Minor na Mini zikiwemo. Hakina skrubu upande wa nje. Kioo chake cha mviringo hukaa ndani ya mdomo wa mpira, na pete nyembamba ya chuma hukibana. Mpira ukikauka, pete inalegea. Pete ikianguka barabarani, kioo kinaifuata siku hiyo hiyo. Kinachobaki ni globu iliyo uchi, na mvua ya kwanza inaimaliza.

Adui asiyeonekana ni chumvi. Umeme ukishatoka kwenye globu hurudi betri kupitia mwili wa gari, na njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wetu huiita ethi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chesisi yake ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana mahali penye unyevu wa bahari, aluminiamu inatoa unga mweupe, chuma kinatoa kutu, na umeme unakosa pa kupita. Dalili zake kila fundi wa Masoko anazijua: unawasha indiketa, taa ya nyuma ya usiku inakonyeza nayo, unakanyaga breki, indiketa inang'aa kidogo. Umeme umekosa njia yake, sasa unapita kwenye nyuzi za globu za jirani kutafuta pa kutokea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji LED wala kioo kipya. Kila taa ipewe waya wake wa ethi unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye chesisi, mahali palipokwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, kisha pakapakwa grisi. Anayeruka hatua hii atafunga taa mpya juu ya ugonjwa wa zamani, na baada ya masika moja ataulaumu utengenezaji wake bure.

Wenye magari hawakukaa bure miaka yote hii. Wapo waliopaka globu rangi ya kucha, waliofunga nailoni nyekundu kwa mpira wa tyubu, na waliokata kipande cha dumu wakakibana kwa skrubu. Ni ubunifu wa watu waliotaka kuonekana barabarani, na unastahili heshima. Udhaifu wake ni kwamba rangi ya kucha huungua kwa joto la globu, nailoni huyeyuka, na dumu halina mistari ya ndani inayotawanya mwanga. Mchana wa jua kali, taa ya namna hiyo haionekani hata ikiwa inawaka.

Kioo kimoja huzaa vinne

Kutengeneza kioo kipya huanza kwa kupata kioo mama. Kwa kitaa cha L594 kioo kimoja kizima cha rangi ya chungwa kinatosha, kwa sababu indiketa za mbele na nyuma, kulia na kushoto, zinatumia umbo lile lile. Kikiwa na ufa, hujazwa nta au puti na kusuguliwa kwa msasa wa maji mpaka kidole kisiuhisi. Kasoro yoyote itakayoachwa kwenye mama itarithiwa na watoto wote.

Kalibu yake hutengenezwa kwa silikoni ya maji ya kuchanganya sehemu mbili. Fundi huunda kisanduku cha mbao, hukilaza kioo ndani yake, halafu huimimina silikoni kwenye pembe moja tu, kwa uzi mwembamba, aiache ipande yenyewe na kuisukuma hewa mbele yake. Akimimina katikati, hewa inanaswa chini na kuacha vishimo. Ikishakauka, hukigeuza kioo, hupaka nta au mafuta ya mgando juu ya silikoni ya kwanza ili ya pili isigande nayo, na kumimina upande wa ndani. Zikitenganishwa, anapata nusu mbili zinazoacha nafasi ya milimita mbili na ushee katikati, ambayo ndiyo unene wa kioo. Silikoni hunakili kila kitu: mistari ya ndani, ukingo wa kukalia mpira, hata herufi za kiwanda.

Katika nafasi hiyo ndipo rezini inapomiminwa, na hapa fundi wa boti yuko nyumbani. Anajua kupima hadina, yaani dawa ya kuigandisha rezini, anajua kwamba kwenye joto la Kilwa asilimia moja inaweza kutosha mahali ambapo nchi ya baridi ingehitaji mbili, na anajua kwamba ukizidisha, rezini inachemka kwa joto lake yenyewe na kupasuka. Atakalojifunza upya ni uangavu. Rezini ya boti mara nyingi huja na rangi ya waridi au zambarau kutokana na kobalti iliyotiwa ili igande upesi, na kwa ubavu wa boti hilo si tatizo. Kwa taa, atafute rezini angavu ya kumiminia, ile wanayotumia watengeneza mapambo. Uso wa rezini ya boti pia hubaki unanata unapoguswa na hewa, lakini ndani ya kalibu iliyofungwa hewa haipo, na kioo hutoka kikavu.

Rangi ipimwe kwa uvumilivu. Itumike rangi inayopitisha mwanga, si ya kupakia ukuta. Fundi mwangalifu humimina kwanza vipande vya majaribio vyenye unene ule ule wa kioo, kila kimoja na idadi yake ya matone, akaandika idadi hiyo kwa kalamu isiyofutika, kisha akavilinganisha na kioo mama mbele ya taa inayowaka. Vikilazwa tu mezani vitamdanganya, kwa sababu rangi ya taa huonekana pale mwanga unapopita ndani yake.

Mapovu ndiyo yanayoharibu kazi nyingi za mwanzo. Kukoroga polepole husaidia, na kuiacha rezini itulie dakika chache kabla ya kumimina husaidia zaidi. Njia ya uhakika ni kuiweka kalibu ndani ya tangi la shinikizo la mafundi rangi, hewa ikisukumwa na kompresa ya kujazia matairi, ili mapovu yaminywe mpaka yasionekane. Tangi liwe la kiwandani, lenye kipimo na valvu ya usalama. Mtungi uliochomelewa gereji unaweza kulipuka. Hadina nayo ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na harufu ya rezini si ya kuvuta siku nzima, kwa hiyo miwani, barakoa na banda lenye hewa havina mjadala.

Kioo kikitoka, hukatwa ukingo, husuguliwa kwa msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 1500, husafishwa kwa kompaundi, na mwisho hupakwa vanishi ya magari yenye kinga ya jua. Bila vanishi hiyo rezini hugeuka manjano. Kwenye indiketa ya rangi ya chungwa kosa hilo husitirika kwa muda, lakini kwenye kioo cheupe cha taa ndogo za mbele huonekana upesi.

Vioo vikubwa na bapa vya malori vina njia rahisi zaidi. Karatasi ya akriliki, ile ile wanayotumia watengeneza mabango, hulainika ikifikia nyuzi joto 150 hadi 160 za Selsiasi na kufuata umbo lolote la mbao. Ukanda huu wa Kusini una wachongaji ambao mkono wao unajulikana duniani. Anayeweza kuutoa uso wa mtu kwenye gogo la mpingo hashindwi kuchonga umbo la taa ya Bedford. Printa za kuchapa vitu vya plastiki nazo zinasaidia kutengeneza umbo la mama lililopotea kabisa, ingawa kioo kinachotoka moja kwa moja kwenye printa ya kawaida huwa na ukungu na mistari, hakifai kuwa taa.

LED ilifungua mlango

Globu ya indiketa ya zamani ni ya wati 21, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto. Kioo cha kiwandani kilitengenezwa kwa plastiki iliyopimwa kustahimili joto hilo. Rezini ya kumimina kwa mkono hulainika mapema zaidi. Ukiifunga mbele ya globu na kuwasha taa za tahadhari kwa saa nzima pale Somanga, inaweza kupinda au kubadilika rangi. Kwa muda mrefu hicho ndicho kilichokuwa kikwazo cha kioo cha kienyeji. LED zinatoa mwanga wa kutosha kwa wati mbili au tatu tu, na kioo kinabaki baridi. Kioo cha rezini na LED vinategemeana: bila LED, kioo hicho hakidumu, na bila kioo kizuri, LED ni vidoti vinavyochoma macho.

Hesabu yake fundi redio anaiweza. LED ya rangi ya chungwa hutumia takribani volti 2.1. Tatu zikifuatana kwenye mstari mmoja hutumia volti 6.3. Gari likiwa linachaji hutoa karibu volti 13.8, kwa hiyo volti 7.5 zilizobaki lazima zibebwe na rezista. Kwa mkondo wa miliampea 20 jibu ni omu 375, na rezista ya karibu inayouzwa ni ya omu 390. Mistari minane ya namna hiyo ina LED 24, nayo hutumia kama wati 2.2 kwa jumla. Taa zote nne za tahadhari za globu zilikuwa zinakula wati 84, yaani ampea saba. Kwa dainamo ya zamani na betri iliyochoka, tofauti hiyo ni kubwa: gari lililoharibika njiani linaweza kukonyeza usiku kucha na bado likawaka asubuhi. Malori ya volti 24 yapigiwe hesabu yake, yasipewe ubao wa volti 12.

Rangi ya LED ifanane na rangi ya kioo. Wengi hununua nyeupe wakidhani kioo kitazitia rangi. LED nyeupe kwa kawaida ni ya buluu iliyofunikwa unga wa fosfori, na sehemu kubwa ya mwanga wake inazuiwa na kioo cha chungwa. Kinachopita ni kidogo na kimepauka. Chungwa nyuma ya chungwa, nyekundu nyuma ya nyekundu: hapo mwanga karibu wote unatoka.

Mwelekeo nao una sheria yake. Globu humwaga mwanga pande zote na bakuli la taa huukusanya, lakini LED hutupa mwanga mbele tu. Viwango vya Umoja wa Mataifa vinataka indiketa ionekane hadi nyuzi 80 upande wa nje wa gari na 45 upande wa ndani, ili mwenye pikipiki aliye ubavuni naye aione. Kwa hiyo LED za mzunguko wa nje zipindwe kidogo kutazama nje, na mistari ya ndani ya kioo isisahauliwe kwenye kalibu, maana ndiyo inayovichanganya vidoti 24 kuwa mwanga mmoja. Ubao ukishalehemiwa upakwe vanishi pande zote dhidi ya chumvi, ila tundu dogo la chini ya taa liachwe wazi. Unyevu utaingia tu, na unahitaji pa kutokea.

Kabla ya kufunga, fundi aangalie betri. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini yaliunganishwa chanya kwenye bodi. Globu haijali, lakini LED iliyogeuzwa haiwaki, na inaweza kufa.

Flasha na mapigo yake

Aliyefunga LED kwa mara ya kwanza kwenye gari kuukuu hukutana na jambo moja: taa zinawaka na kuganda, hazikonyezi. Kosa haliko kwenye taa. Flasha ya zamani ina kipande cha metali kinachopata joto kwa mkondo wa globu mbili, kinapinda na kukata umeme, kinapoa na kuurudisha. Mkondo wa LED ni mdogo mno kukipasha joto.

Madukani anaweza kuuziwa rezista kubwa za omu 6 za kufunga sambamba na kila taa ili kuihadaa flasha. Zinafanya kazi, lakini kila moja inaunguza umeme mwingi kuliko globu iliyoondolewa, na inachemka kiasi cha kuyeyusha ganda la waya. Hiyo ni kuirudisha hasara yote ambayo LED iliiondoa. Dawa bora ni flasha ya kielektroniki. Ya dukani ipo, na fundi redio anaweza kuiunda kwa saketi ya 555, iliyoingia sokoni mwaka 1972 na mpaka leo haikosekani kwenye makopo ya spea za redio, pamoja na rilei moja. Mapigo yawe kati ya 60 na 120 kwa dakika. Yakiwa ya polepole kuliko hapo, dereva wa nyuma anaweza kupita katikati ya giza la pigo moja na jingine.

Mtego wa mwisho uko kwenye dashibodi. Magari mengi ya zamani yana globu moja ya kumwonyesha dereva, iliyofungwa kati ya waya wa kulia na wa kushoto. Ukiweka LED, umeme mdogo unaovuka kwenye globu hiyo unatosha kuwasha upande wa pili, na gari linakonyeza pande zote nne. Dayodi mbili na waya mmoja wa ethi humaliza tatizo. Dereva pia ajue kwamba flasha ya zamani ilimwarifu globu ilipoungua kwa kuacha kukonyeza, ila hii mpya itaendelea kama kawaida. Azunguke gari lake kabla ya safari.

Rangi ina sheria

LED zimekuwa rahisi, na barabarani usiku tunaona buluu, zambarau na nyekundu zikikonyeza mbele ya vyombo visivyostahili. Chungwa ni kukata kona, nyekundu ni mgongo wa gari, nyeupe ni uso wake. Buluu inayomweka ni ya polisi na vyombo vya dharura. Anayezichanganya anaiondolea rangi maana yake, na siku gari la wagonjwa litakapohitaji njia, hakuna atakayeitoa.

Wapenzi wa magari ya zamani wana sababu nyingine ya kuzingatia rangi na umbo. Nairobi imekuwa na mashindano yake ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, ambako waamuzi hukagua gari mpaka chini ya bodi. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia ya Land Rover katika tamasha moja. Kwa watu hao gari lenye taa za duka zilizobandikwa limepoteza sura yake. Kioo kilichomiminwa kwa kalibu ya kioo cha asili kinairudisha sura hiyo, na LED inajificha nyuma yake. Globu na flasha ya zamani ziwekwe kwenye kopo na kutunzwa, ili anayetaka kuzirudisha aweze.

Kazi iwekwe mezani

Zamani Kilwa ilitengeneza sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, kazi ndogo iliyohitaji jicho kali na mkono mtulivu. Uwezo wa namna hiyo haujaondoka pwani, ila umetawanyika: fundi faiba yuko ufukweni, fundi redio yuko sokoni, mchongaji yuko kijijini, fundi umeme yuko gereji, na kila mmoja anamaliza kazi yake bila kumjua mwenziwe. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi Septemba 2023, itahitaji mafundi zaidi wa boti, na pamoja nao rezini itazidi kushuka mjini.

Chuo cha VETA Lindi kinaweza kuifanya taa moja ya Land Rover kuwa zoezi la wanafunzi wa umeme wa magari, kuanzia hesabu ya rezista hadi kipimo cha mapigo. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inaweza kuwaweka mafundi hao wanne kwenye banda moja na kuwapa tangi salama la shinikizo. Mahali hapo patunzwe kalibu za kila kioo kinachopatikana, za Peugeot 404, za Datsun, za Bedford, kila moja na idadi ya matone yake ya rangi. Spea za Land Rover bado zinatengenezwa ng'ambo kwa sababu wapenzi wake ni wengi. Za magari hayo mengine mwenye gari husaka Gerezani na Ilala, jijini Dar es Salaam, na mara nyingi hurudi mikono mitupu. Soko hilo halijawa na mwenyewe, na Lindi ina kila kinachohitajika kulichukua.

Askari wa usalama barabarani nao wana sehemu yao. Wiki ya Nenda kwa Usalama inapofika, taa ipimwe kwa inachoonyesha, si kwa upya wake. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine: saa sita mchana, jua likipiga moja kwa moja kwenye kioo, askari asimame hatua 30 nyuma ya gari na hatua kadhaa pembeni, dereva awashe indiketa. Ikionekana wazi, ikiwa ya chungwa, ikipiga mapigo yanayotakiwa, gari hilo lipite hata kama lina umri wa miaka 60 na kioo chake kimemiminwa Masoko. Isipoonekana, lisipite, hata kama kioo chake kimetoka kiwandani. Kwa kipimo hicho, fundi anayefanya kazi yake vizuri atapata wateja, mwenye gari kuukuu hatalazimika kuliuza kama chuma chakavu, na anayekata kulia pale Nangurukuru atakuwa ameshamwambia aliye nyuma yake.